Kitezi Kisichotaka Kuonekana

Jumatatu, 9 Juni
Wiki ya tatu ya ndoa. Nimekaanga mahamri, nikakaa chini mara mbili kabla hayajaisha. Mifupa tena. Bakari akanimalizia, akayaunguza. Nikayala yote. Nampenda hadi naona haya kuandika.

Majibu yametoka. Shingoni kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele. Kimoja kimeota uvimbe, kinainyonya mifupa yangu kalsiamu. Ultrasaundi haikukiona. Kisipopatikana kwenye picha, daktari atapasua pande zote mbili akitafuta. Sitaki. Shingo hii Bakari anaipenda. Na mimi naipenda.

Jumanne, 17 Juni
Mavyaa, mamake Bakari, amekuja kutoka Kibuyuni na jagi la sharubati ya mwani.
"Rovu hilo. Kunywa, mwanangu. Kila asubuhi."
Si rovu, shingo yangu haijavimba. Nimekunywa. Bi harusi hakatai.

Alhamisi, 26 Juni
Mombasa. Wamenidunga dawa ya kuing'arisha tezi kubwa ya shingoni, ile inayopakana na vitezi, ili kitezi kibaya kitengane nayo kwenye picha. Tezi haikung'aa.
"Dada, unakula nini cha baharini?" mpiga picha akauliza.
Mwani. Tezi imeshiba madini ya mwani, haitaki dawa. Turudi baada ya wiki sita. Daktari akasema anaweza kupasua hivyo hivyo. Nimekataa. Nitangoja na maumivu yangu.

Jumapili, 6 Julai
Jagi limekuja tena.
"Shikamoo, mama. Sinywi."
Akadakia wifi, dadake Bakari: "Mke wa juzi, ulimi wa miaka ishirini."
"Na mifupa ya miaka themanini, wifi."
Mavyaa amenuna. Anune. Bakari alilichukua jagi, akalinywa lote mbele ya mamake, akapangusa mdomo. Hakuna mwanamume kama yule, Tiwi mpaka Shimoni.

Jumatano, 23 Julai
Magoti. Nimelia kidogo. Sikunywa.

Alhamisi, 7 Agosti
Kimeonekana. Nukta moja, chini kushoto, nyuma ya tezi kubwa. Mkato mmoja mfupi utatosha.
Mavyaa aliishika picha karibu na macho.
"Kadudu haka ndiko kakuangushe wewe?"
"Hakaniangushi, mama."
"Naona."

Jumatatu, 18 Agosti
Wodini. Wataniita saa nne. Daktari ametia alama ya wino upande wa kushoto wa shingo. Bakari amenibusu upande wa kulia, asije akaifuta.