Usijifanye Mwalimu, Mama

Galisia, Hispania
Jumapili, nimetoka misa

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba kwa sauti hata kama uko peke yako, ndivyo ulivyo. Hamjambo hapo nyumbani? Mgongo wa baba unaendeleaje? Na wewe, macho bado yanakuwasha kwa moshi? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na mvua ya huku inaninyeshea kila siku kama vile tuna ugomvi. Yale masweta mawili tuliyochagua pamoja kwenye mitumba bado yanafanya kazi. Nayavaa yote kwa mpigo.

Kabla sijaenda mbali, naomba barua hii uisome mwenyewe. Hata ikikuchukua siku mbili, usimpe mtu akusomee. Na ile barua yangu ya miezi miwili iliyopita, ile niliyokuomba kwamba mwalimu wangu akija Mwanza mumpokee nyumbani kwa mjomba kule Isamilo, na wewe useme unafundisha shule ya msingi, ichane. Ichane uwashie moto. Nilikosea, mama. Mwalimu Anselmo anaondoka huku baada ya wiki tano kuja kutazama viwanda vya samaki, na barua huchukua wiki tatu njiani, kwa hiyo naandika mbio mbio. Uniwie radhi kwa mwandiko.

Jibu lako nililipata Jumanne ya wiki iliyopita. Umeandika: "Nimekubali mwanangu. Mjomba wako atatuachia sebule na baba yako ataazima koti lake. Nimeanza kujizoeza kuandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo ili mkono uzoee." Mama! Nilisoma nikiwa nimesimama mlangoni, mwavuli bado mkononi, nikalia. Hukuniuliza kwa nini. Hukunigombeza hata neno moja. Wewe unayeweza kubishana na mteja asubuhi nzima kwa ajili ya kichwa kimoja cha samaki, kwangu ulikubali tu.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana mwanzoni nilikuandikia juu juu.

Mama mwenye nyumba ninapopanga chumba anaitwa Remedios, mjane, umri wake ni kama wa mama mkubwa wa Buswelu. Siku niliyofika alinifungulia mlango, nami nikafanya kama ulivyonifundisha, nikapiga magoti kumsalimia. Basi na yeye akapiga magoti palepale, akaanza kupapasa sakafu! Alidhani nimeangusha kitu. Tukawa wawili chini, yeye anatafuta, mimi nasubiri aitikie. Nikamweleza kwa Kihispania changu cha kuombea maji kwamba kwetu mkubwa anasalimiwa hivyo. Akasema kwao mtu anabusiwa mashavu yote mawili, akanibusu, halafu akaniambia nimwite Reme tu. Reme! Mtu mzima na mvi zake! Mpaka leo namwita Mama Reme, na amechoka kunirekebisha.

Nchi hii ina mambo. Mtu anakuuliza habari gani, na kabla hujajibu ameshapita. Mwezi wa kwanza nilikuwa nabaki barabarani na majibu yangu yote ya nyumbani hawajambo. Chakula cha usiku kinaliwa saa nne, wakati kwetu hata mbwa wameshalala. Lakini mawe, mama! Ukitoka nje ya mji kuna mawe makubwa yamepandiana, ungeyaona ungesema uko Igogo. Na kijijini kwa kina Mama Reme nilikuta vighala vimesimama juu ya miguu ya mawe ili panya wasipande. Nikauliza, ndani mnaweka nini? Mahindi, wakasema. Nikacheka mpaka wakanishangaa. Nimepanda ndege mbili kuja kuonyeshwa kihenge cha bibi.

Nimekuwa mtu wa kuuliza siku hizi, utanikoma nikirudi. Kwetu nilijua mtoto anayewahoji wakubwa hana adabu. Huku ukinyamaza darasani wanadhani huelewi. Wiki nyingi Mwalimu Anselmo alikuwa ananieleza kila kitu mara mbili, polepole, kama anamnywesha mgonjwa uji. Wenzangu wanasimama na kumwambia, "Mwalimu, hapo sikubaliani na wewe," na yeye anafurahi! Mara ya kwanza nilisubiri radi ipige. Haikupiga. Basi na mimi nikaanza, kidogo kidogo: hii kwa nini, ile kwa nini, nani alisema. Utamu wake sijui nikuelezeje, mama. Kama kufungua dirisha ulilodhani ni ukuta.

Sasa kwenye maswali hayohayo ndiko nilikonaswa. Wiki ya pili tu, tukiwa mezani, Mama Reme akaniuliza, "Mama yako anafanya kazi gani?" Mdomo ukajibu, mwalimu. Naapa sikupanga. Akauliza unafundisha darasa la ngapi, nikasema la kwanza. Watoto wangapi? Sitini. Nikakujengea darasa zima, mama, na madawati yake, na dirisha linalotazama ziwa. Jumapili moja akapika supu ya vichwa vya samaki. Huku shavu la samaki ni la mgeni wa heshima, alilitoa kwa kijiko akaniwekea mimi, akauliza, "Na kwenu vichwa mnavifanyaje?" Nikasema hatuli. Mimi! Mimi niliyekuzwa na vichwa vya sangara nikasema hatuli, na shavu nimelitia mdomoni.

Chuoni nako ni hivyohivyo. Mwalimu Anselmo alipanga samaki sita juu ya meza, akatuuliza yupi amekaa siku mbili. Wenzangu wakafungua matamvua, wakanusa, wakatazama macho. Mimi nikabonyeza kwa kidole gumba karibu na uti wa mgongo, kama ufanyavyo wewe, nikamwonyesha wa nne. Nilipata. Akaniuliza nani amenifundisha. Nikasema nilisoma kitabuni. Kitabu gani? Kimepotea. Uongo ni kama kunguni, akiingia mmoja kitanda si chako tena.

Sasa Jumanne ile. Nimesimama mlangoni na barua yako, machozi yananitoka, Mama Reme akaniita jikoni kwa furaha. Mezani ameweka kifurushi kizuri kimefungwa utepe, cha kumpa Mwalimu Anselmo akuletee. Akakifungua nione. Makasha manne ya chaki, nyeupe na za rangi, "za mama mwalimu." Mama, na mkononi nina karatasi inayosema unajizoeza kwenye mlango wa stoo. Nikakaa.

Nikamwambia yote, hata lile la kidole gumba. Kwamba viwanda vya Mwanza vinachukua minofu ya sangara na kuipandisha ndege kuja kwao. Kwamba vinavyobaki, vichwa na mifupa, tunaviita mapanki. Kwamba tangu baba alipopunguzwa kwenye kiwanda cha nguo, mama yangu anayakaanga mapanki hayo kwenye karai na kuyauza Mabatini, na ndiyo yaliyonisomesha mpaka nikafika kwenye meza yake. Akafunga makasha yake, akaenda chumbani, akafunga mlango.

Siku mbili alinisemesha maneno mawili tu, "chakula tayari". Nilidhani atanifukuza. Siku ya tatu akaja akakaa mbele yangu, akanionyesha picha ya zamani ya mwanamke miguu peku, kikapu kichwani. "Mama yangu," akasema. "Alikuwa anauza samaki wadogo kijiji hadi kijiji. Miezi sita najizuia kukusimulia habari zake, nikidhani binti wa mwalimu atanidharau. Umeninyima mtu wa kuzungumza naye." Hilo tu ndilo lililomkasirisha. Kumbe tulikuwa wawili tunafichana kitu kilekile! Halafu akavuta kiti. Mama yako anakaanga kwa mafuta gani? Chumvi anatia kabla au baada? Anageuza mara ngapi? Mapanki yaliyochacha anayajuaje kabla hayajaanza kunuka? Nani alimfundisha kubonyeza pale?

Mama! Nimeishi na wewe miaka yote hiyo, nimekula mikononi mwako, na sijawahi kukuuliza hata swali moja kuhusu kazi yako. Naweza kukutajia vijidudu vya samaki kwa majina yao ya kitabuni, lakini sijui nani alikufundisha. Ni nani? Ulimtazama mtu, au ulikosea mpaka ukajua? Na siku ile uliyorudisha gunia zima kiwandani wakati wenzako wamechukua, uliona nini ambacho wao hawakuona? Niandikie. Nataka kujua, wala sikuulizi kwa heshima tu.

Kuna siku moja ambayo hatujawahi kuizungumza, na lazima niiseme, vinginevyo barua hii haina maana. Nilikuwa kidato cha tatu. Nilipita Mabatini na wasichana wawili wa darasani kwangu, watoto wa watu wenye nafasi, mmoja akasema ana njaa, akatuvuta mpaka kwenye karai lako. Nilitaka ardhi ipasuke. Wewe uliniona kabla sijafika. Ukavuta khanga ukajifunika mpaka kwenye nyusi, ukainamia moto. "Karibuni wanafunzi," ulisema, sauti ya kumwambia mgeni. Ukatufungia kwenye gazeti. Ukanipa na mimi fungu langu, mkononi, kama hujawahi kuniona. Mimi nikasema, "Asante, mama," kama mtu anavyomwambia mama yeyote wa barabarani. Jioni ukaniwekea ugali, ukaniuliza kama nina mazoezi ya shule. Mpaka leo hujaniambia kitu. Nisamehe. Ulijificha ili nisione aibu, na mimi nikakuacha ujifiche. Halafu nimevuka bahari, nikakuandikia ujifiche tena, safari hii kwa chaki.

Kwa hiyo usiende kwa mjomba. Mshukuru, mwambie sebule na koti lake vibaki kwake. Baba avae shati lake mwenyewe, lile la mistari, linampendeza. Futa maandishi kwenye mlango wa stoo. Mgeni akija, akukute kazini, moto umewaka, mafuta yanachemka, na yule mteja wako mbishi anabishana. Mwalimu Anselmo nimeshamwambia ukweli, kitabu na yote. Alicheka akasema, "Basi hakijapotea." Ana daftari zima la maswali ya kukuuliza, na atakuja na mkalimani. Mjibu unavyotaka. Ukiona swali la kipuuzi mwambie ni la kipuuzi, amezoea. Ila mwonye baba mapema: mtu huyu anaweza kukubusu mashavu mbele ya Mabatini nzima, na hana ubaya wowote.

Kama moyo wako hautaki, mama, basi kataa. Sitaki unikubalie tu kama ulivyonikubalia mara ile. Ukisema siku hiyo hufungui biashara, nitaelewa, nitajua ni mimi niliyeiharibu. Lakini kukuficha sitakuficha tena, wala sitakuomba ujifiche.

Chaki utaletewa hata hivyo. Mama Reme amekataa kuzirudisha dukani. Anasema mwenye karai naye ana haki ya kuandika bei zake kwa rangi.

Nisalimie baba, umwambie mgongo asiufanyie ubishi. Msalimie mjomba wa Isamilo na umwombe radhi kwa usumbufu. Mama mkubwa wa Buswelu mwambie huku nako kuna vihenge, asiringe. Jirani yetu mwenye duka, yule Mhindi aliyenipa sanduku la safari, mwambie bado halijafumuka mshono hata mmoja. Na wanawake wenzako wa mapanki wote, mmoja mmoja. Waambie nawasalimia kwa magoti.

Jana nimemchorea Mwalimu Anselmo ramani. Barabara sikuziandika zote, akipotea ataulizia. Pale Mabatini nimeweka alama kubwa ya wino mwekundu, na pembeni nimemwandikia cha kuuliza, kwa Kiswahili, herufi kubwa ili aweze kutamka: KWA MAMA KABULA, MUUZA MAPANKI. Akaniuliza Kabula ni nani, maana chuoni wananijua kwa jina la ubatizo. Nikamwambia, ni mimi.

Mwanao,
Kabula