Kibirika Nilichokubali Kioshwe

Riverside, Buffalo
Jumatatu asubuhi

Baba,

Ulinifundisha kwamba barua huanza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu. Leo nimeshindwa kuandika hivyo. Wewe huna tena hofu ya kitu chochote, na mimi si mzima. Nimekaa mezani kwa kaka yangu mkubwa, Yaya Byamungu. Mkewe yuko kazini, watoto wameenda shule, na yeye mwenyewe amenipita asubuhi mlangoni, akavaa viatu, akatoka bila kuniambia hata neno moja. Nimestahili. Lakini niliyemkosea kwanza ni wewe, na wewe huwezi kunipita mlangoni, kwa hiyo nakuandikia.

Ni miezi mitano sasa. Nyumba yako ya Newburg, pale Louisville, tumeirudisha kwa wenyewe. Mimi nimehamia Highview, nakaa na msichana mmoja Mrundi tunayefanya naye kazi kwa wazee. Koti lako la kazini nalivaa mimi, mikono inanifunika vidole, na kila ninapolivaa kuna mtu ananiambia nijinunulie koti la wanawake. Nimelia mpaka nimechoka, Baba. Nalia kwenye gari, nafuta macho, naingia kumwogesha bibi wa watu na kumwambia habari ya asubuhi.

Lakini sikuandikii kuhusu kulia. Nakuandikia kuhusu kibirika chako.

Nilikuwa na miaka tisa siku ulipokileta nyumbani kutoka kwa Wachina waliokuwa wanajenga barabara ya Uvira. Ulikuwa mpishi wao. Mzee Lin, fundi wao mkubwa, ndiye aliyekufundisha chai ya kwao, na alipomaliza kazi yake akakuachia kibirika kile: udongo mwekundu, kidogo kama chungwa, hakijapakwa chochote cha kung'aa. Ulituita mimi na Yaya ukatupa sheria. Hakitiwi chai nyingine ila ile nyeusi iliyoshindiliwa kama mkate. Hakiguswi na sabuni mpaka mwisho wa dunia. Kinasuuzwa kwa maji ya moto tu, kisha kinaachwa kikauke chenyewe, kwa sababu udongo wake unakunywa chai kila siku na kuiweka. Mama, Mungu ampumzishe, alikuuliza kama na sisi wanao tungepata bahati ya kutunzwa hivyo.

Tulipokimbia ulikivisha soksi ukakibeba kifuani. Mama alikusema njia nzima hadi kambini Tanzania, kwamba mwanamume mzima ameacha sufuria akabeba mchezo wa Wachina. Kambini majani yaliisha mwezi wa kwanza. Ndipo ulipoanza kutia maji matupu ya moto ndani yake, ukasubiri, ukamimina, na maji yakatoka na rangi kidogo na harufu ya chai ile ile. Hata Mama aliacha kukusema siku hiyo. Yaya Byamungu alipougua malaria, hakuna kilichopita kooni mwake wiki nzima ila maji yale. Ulimshika kichwa ukamwambia, "Kunywa, mwana. Hii birika iko inakumbuka."

Yeye alipona na hilo neno lako. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, nikalisikia, na sikulishika.

Huko Louisville ndiko nilikokuona vizuri, na hata hapo sikuelewa ninachokiona. Mtu wa miaka sitini na kitu, amebeba maboksi kwenye depo ya mizigo wiki nzima, Jumamosi anapanda basi hadi Columbus kwenda kwa mama mmoja wa Kichina mwenye duka la chai, na daftari mfukoni lenye maswali. Maji yachemke kiasi gani. Kwa nini maji ya nne juu ya majani yale yale ni matamu kuliko ya pili. Unarudi usiku umefurahi kwa sababu amekuambia ulikuwa unakosea miaka yote. "Mi ningali darasa ya kwanza," unasema, kama mtu aliyeshinda kitu. Na mimi nakucheka. Baba, chai ni chai, tia sukari tunywe.

Jumapili baada ya ibada ulinikalisha mezani. Kikombe kidogo kama kifuniko cha chupa. Kwanza unashukuru: waliochuma, waliobeba, Mzee Lin popote alipo, mama wa Columbus, mpaka bomba la maji. Chai inapoa wewe bado unashukuru. Mimi nakunywa, naangalia simu, nakunywa. Miaka yote ile sikukuuliza swali hata moja.

Kisha ile Jumanne ukaanguka depo. Walipofika kuniita ulikuwa umeshaondoka, na daktari aliniambia ulikuwa mshipa wa kichwani, kwamba hukuumia. Natumaini alisema kweli. Huku Buffalo theluji ikamwagika siku tatu, barabara zikafungwa, ndege zikafutwa. Makaburini walikuwa wametupa siku yetu na hawakuweza kuibadilisha. Yaya Byamungu alikuona kwenye simu ukishushwa kaburini, na katikati mtandao ukakatika.

Sasa nisikilize, Baba. Hapa ndipo nilipofanya nilichofanya.

Unajua matanga yetu. Akina mama wa kanisa waliingia nyumbani kwako na masufuria ya maharagwe na sombe ya majani ya muhogo, wakanitoa jikoni, wakaniambia nikae nilie, wao wapo. Mungu awabariki, maana bila wao nisingekula. Mama Zawadi, yule mnene wa kwaya, ndiye aliyeshika jiko. Alikuwa anaosha kila kitu anachokikuta, safi na chafu. Nikamwona amekishika kibirika chako. Alifungua kifuniko, akatia pua ndani, akawaonyesha wenzake: cheusi tititi, kama chungu cha miaka.

"Eh! Marehemu alikuwa anakunywa mu hii?" akasema. "Angalieni uchafu. Na binti yake njo anaosha bazee ba bazungu kila siku."

Wote wakanigeukia. Hawakuwa na ubaya. Walinihurumia, na huruma yao ndiyo iliyoniua. Nilijua sheria yako vizuri, Baba, siwezi kusema sikujua. Kulikuwa na maneno mawili tu ya kusema: usikioshe, Mama. Wangenishangaa kidogo na yangeisha. Lakini niliona aibu. Niliona watakwenda kusema binti alimwacha baba yake anywe uchafu, anaosha wageni na kwao kumemshinda. Nikafungua kinywa changu mwenyewe nikasema, "Unisaidie kuiosha, Mama. Nilikosa wakati."

Akakisugua kwa steelwool. Akakichemsha kwenye maji ya sabuni ile ya ndimu, akakisugua tena. Maji yalikuwa yanatoka ya kahawia, akimwaga, akiongeza mengine, na yeye anaimba pole pole wimbo wa msiba. Ilikuwa barabara ya Uvira, ilikuwa kambi, ilikuwa Jumapili zetu zote, na zilikuwa zinashuka kwenye bomba la Newburg. Mimi nilikaa kwenye kochi na sahani ya maharagwe magotini nikaangalia mpaka mwisho. Alikiweka juu ya kitambaa, chekundu kama kilivyotoka kwa mfinyanzi, akasema, "Umeona sasa?" Nikasema asante.

Nilisema asante, Baba. Neno lako hilo.

Majuma mawili baadaye nilikwenda Columbus. Nilitaka mama yule aniambie kuna dawa. Alikuwa hajui kama umekufa. Alikuwa amekuwekea mkate wa chai kwenye karatasi, na jina lako limeandikwa kwa kalamu. Tuliongea kwa simu yake inayotafsiri. Alikaa chini kwanza, akalia bila sauti. Kisha nikampa kibirika. Alikinusa ndani, akanitazama, akakinusa tena, na sikuhitaji simu kunitafsiria uso wake. Nikamuuliza itachukua muda gani kukirudisha. Akagusa nywele zake nyeupe.

Akaniambia na jambo jingine. Kwamba safari yako ya mwisho ulimuuliza swali ambalo halikuwa la chai: mwanafunzi asiyeuliza anafundishwaje? Yeye akakujibu umsubiri. Naomba uelewe nilivyosikia hilo. Ulikuwa unanisubiri. Kila Jumapili, na ule mdomo wa shukrani usioisha, ulikuwa unanipa nafasi niulize kitu, na mimi nilikuwa natazama simu. Sasa nina maswali mengi, Baba, nayauliza nikiendesha gari, nayauliza kwa sauti. Hakuna wa kujibu.

Kisha Yaya akapiga. Alisema nije Buffalo na nisimletee zawadi. "Uniletee tu ile birika. Tutatia maji tupu, kama mu kambi." Hakukuzika, Baba. Alitaka kukuaga kwa yale maji. Angalau angeomba chai, ningemdanganya kwa majani mazuri. Aliomba maji.

Ningeweza kumwambia kwenye simu. Badala yake nilichemsha kibirika ndani ya sufuria ya chai yako siku nane mfululizo, asubuhi na jioni, mpaka kikaanza kushika wekundu wa giza. Harufu ya ndimu haikutoka yote, ila ilijificha. Nikakivisha soksi kama wewe. Sikufanya hivyo kwa mapenzi. Nilikuwa nafunika maiti yangu.

Jana, Jumapili, tulirudi kutoka kanisani saa saba. Mke wa Yaya alipika bugali, tukala, watoto wakatolewa nje. Yaya alichemsha maji mwenyewe. Alikishika kibirika kwa mikono miwili na hakuona kitu, kwa sababu alikuwa hajakishika tangu alipopata kazi huku. Akatia maji, akasubiri amefumba macho. Yakatoka na rangi. Bila shaka yalitoka na rangi, nilikuwa nimekilisha siku nane. Akanywa, akaanza kulia, mwanao yule ambaye hakulia hata kambini. Akasema, "Ndiyo, njo yenyewe. Njo Baba." Kisha akagonga meza kwa vidole viwili, pole pole, kama ulivyotufundisha kwamba Wachina humshukuru hivyo anayewamiminia, na akaniambia, "Asante, Faida. Umemutunza."

Ningeweza kukaa kimya. Nilishakaa kimya matanga nzima, najua kazi hiyo. Lakini asante ile haikupita kooni. Nikamwambia yote, Baba: sabuni, aibu yangu, siku nane za sufuria. Nikamwambia, "Hii ulikunywa ni mimi, Yaya. Si Baba."

Nilidhani atanipiga, au atanisamehe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikisogeza kikombe mbele yangu taratibu, kama mtu aliyeshiba, akasema, "Sababu ya nini unaniambia? Ungeniacha tu. Njo hii moja nilikuwa nabaki nayo." Akaingia chumbani. Mkewe alinitazama, akaanza kukusanya sahani, na alipofikia kibirika mkono wake ukasimama hewani, hajui akiguse au asikiguse.

Kwa hiyo nimekuosha mara mbili. Mara ya kwanza kwa sabuni na mara ya pili kwa ukweli, na sijui hata sasa ipi ilikuwa dhambi kubwa zaidi. Watu husema ukweli unaponya. Labda unaponya anayeusema. Yaya alikuwa na baba kwa dakika moja mezani pake, na mimi nikamnyang'anya ili niweze kulala. Na sikulala.

Kama ungekuwa hapa ungesema jambo dogo, ungesema maji yamechemka mno, au nisogeze kiti. Ndilo ninalolikosa. Sikosi hekima yako, nakosa mtu wa kuniambia maji yamechemka mno.

Jioni atarudi. Sitachemsha kitu kwa siri leo. Kibirika nimekisuuza kwa maji ya moto mara kumi na mbili tangu alipotoka, na sasa kinatoa maji tu, maji ya Buffalo yasiyokumbuka kitu. Nitayatia mbele ya macho yake na nitayanywa mimi. Nitashukuru kwa sauti, nikikutaja wewe na Mzee Lin, na mama wa Columbus, na Mama Zawadi pia, ingawa hapo nitauma meno. Kesho nitatia majani kidogo na kumwambia haya ni ya miaka ijayo. Asipokaa mezani, nitakunywa peke yangu, na kesho kutwa nitammiminia tena, na nikirudi Louisville nitaendelea. Nakuahidi hilo, lakini siahidi kwamba kibirika kitakumbuka. Labda nitakufa kabla.

Pumzika, Baba. Sikuombi unisamehe leo, maana nakujua, ungenisamehe upesi mno, kabla sijajifunza chochote.

Mwanao,
Faida