Mwenye Kazi Bado Hajafika

Guyo, ndugu yangu,

Salaam aleikum huko uliko. Leo nina hasira, wacha nikuambie tu.

Mama yako bado anamngoja mwenye kazi. Tangu tukuzike, kila nikipita kwenu mtaa wa Wabera kumsalimia ananiuliza, "Tajiri yake atakuja lini kutupa pole?" Anajua mtu akifa kazini, aliyemwajiri huja kukaa na wafiwa. Sasa nimwambie nini? Kwamba tajiri wetu ni apu ya kuitia boda, iko ndani ya simu?

Nilipigia ofisi yao ya Nairobi mpaka nikachoka. Msichana mmoja akanijibu kwa sauti tamu kwamba wewe hukuwa mfanyakazi, ulikuwa "patna." Patna! Patna gani, na hata jina lako alilitafuta kwa kompyuta? Nikamtukana, Mungu anisamehe.

Hawa watu hawajui laga. Ramani ikionyesha barabara, kwao ni barabara. Hawajui mvua ikinyesha huko juu, huo mto mkavu unajaa ghafla na kila mtu anangoja. Unakumbuka tulivyokuwa tukingoja? Pikipiki kando, akina mama wa mboga wanacheka, wewe unakula miraa yangu bila aibu. Halafu siku moja tu ukamkataa abiria wa ng'ambo, apu ikakufungia wiki nzima, watoto wakalala njaa. Mara ya pili hukungoja. Ukaingia, maji yakakubeba. Kwa nini uliingia, Guyo? Haki ya Mungu, hata wewe nimekukasirikia.

Leo mvua imepiga tena, simu ikalia: abiria ng'ambo. Nikasimama pale pale ulipoingilia. Nikafikiria nyumbani hakuna unga. Nikazima pikipiki, nikakaa chini. Abiria akanipigia, akaniita mjinga. Maji hayajapungua hata kidogo, apu ikanifungia.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama yako, nikamwambia ukweli: hakuna mtu wa kuja. Akanishika mkono, akauliza, "Na wewe, wakikuita tena?"

Nimemwapia, na wewe nakuapia: laga ikijaa, sivuki. Wanifungie mpaka wachoke, nitarudi kubeba mawe kwa mjengo.

Mwenyezi Mungu akurehemu, ndugu yangu. Pumzika. Mimi nitabaki upande huu.

Hassan