Mkono Wako Ulinihurumia

Binamu, mtoto wa shangazi,

Barua zangu zote kwako zilikuwa zikianza na neno "mpendwa". Leo nimeliacha, na ukifika mwisho utajua kwa nini.

Juzi baada ya alasiri mama yako alikuja ghalani nikiwa nafunga chumba cha mizani ninamopimia korosho. Akakaa juu ya magunia matupu, akajipepea kwa upindo wa kanga, akasema, "Mwenzio amepiga simu. Anauliza kama mtacheza wawili wawili mashindano yajayo, wewe na yeye upande mmoja. Anasema hataki mwingine."

Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Akacheka. "Maandishi tena? Si mnatukanana kutwa kwenye simu?"

Hatutukanani tena, binamu. Tangu niliporudi peke yangu kutoka Dar es Salaam sijakutania hata mara moja, na wewe umejifanya hujaona. Sasa unaniuliza kama nitacheza na wewe. Hili ndilo jibu langu. Nimeliacha wazi lisomwe na yeyote, kwa kuwa ulichonifanyia wengi walikijua, na mtu pekee aliyefichwa alikuwa mimi.

Siku nilipoletwa kwenu Kibiti nianze sekondari, baba alinibeba mgongoni kutoka kwenye boti, akapita nami kwenye tope mpaka mahali penye gari. Njia nzima watu waliniangalia miguu wakasema "masikini". Nililisikia neno hilo kwetu Salale, nikalisikia kituo cha magari, nikalisikia kwa kila aliyenipisha. Wewe ulikuwa umekaa barazani kwenye kiti chako cha magurudumu, mwaka mmoja tu baada ya kuanguka mnazini. Ulinitazama juu mpaka chini ukamwita mama yako: "Mama, mjomba ametuletea kamba wa baharini kutoka Salale, lakini miguu yake ameiuza njiani."

Mama yako alishika mdomo. Mimi nikakujibu, "Na wewe, ulipanda mnazi kuchuma nazi, au nazi ndizo zilizokuchuma?"

Ulicheka mpaka kiti kikarudi nyuma kikagonga ukuta. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani, hilo kila mtu analijua, lakini pale wengine wote walikuwa wamelisahau kwa sababu ya miguu yangu. Wewe hukusahau. Usiku ule niliandika kwenye shajara yangu kwamba nyumba hii ina mtu mmoja anayeniona sawa na yeye. Niliamini sentensi hiyo kwa miaka yote iliyofuata.

Kisha vikaja vile viti viwili vya kuchezea tenisi, vya msaada, magurudumu yametanuka chini kama miguu ya mtu anayetaka kunyanyua gunia, na raketi zake. Unaikumbuka sakafu ya kuanikia korosho nyuma ya ghala. Msimu ukiisha tulifagia, tukachora mistari kwa majivu ya jikoni kwenu, na wavu wetu ulikuwa kipande cha jarife la baba, lile la kuvulia samaki wakubwa, ambalo ngumi inapita kwenye macho yake. Mpira nao ulipita. Nusu ya jioni zetu ilikuwa ugomvi.

"Umepita juu."

"Umepita tunduni, nimeuona."

"Macho ya watu wa Salale yamezoea tope, hayawezi kuona sakafu kavu."

"Mwulize mnazi wako nani ana macho."

Wapagazi wa ghala walikaa ukutani wakatuamulia, na hawakuwahi kukubaliana.

Mwezi ule wa kwanza nilicheza nipendavyo. Nilikimbiza kila mpira. Kisha ikaja ile jioni niliyokata kona kwa kasi, gurudumu la kulia likanyanyuka, nikaenda na kiti chini kwenye saruji na jino langu la mbele likabaki pale. Mama yako alitoka jikoni na upawa mkononi, unadondosha mchuzi. Nilikuwa nimelala chini nacheka na damu mdomoni, kwa sababu mpira ule nilikuwa nimeurudisha. Nakumbuka nilikuuliza, "Umepita juu au tunduni?" Ulikuwa unamwangalia mama yako.

Baada ya hapo ukawa mwalimu wangu. "Fika. Shika gurudumu. Kiti kitulie. Ndipo upige." Niliyakariri kama mtoto wa chuoni anavyokariri sura fupi. Mpira ukija upande wa kushoto, ulisema nigeuze mkono niusukume polepole, nisiupige. "Sukuma tu, kama unasukuma mlango wa watu." Nilipokuuliza kama hakuna pigo jingine upande ule, ulisema lipo la wanaume lakini linapindua kiti. Niliandika kila fundisho kwa tarehe yake. Mimi ndivyo nilivyo, nikifundishwa kitu nakishika.

Na mipira yako, binamu. Siku zote ilinijia kuliani, urefu wa kifua, inasubiri kupigwa kama mtoto mwenye adabu. Mara nyingine nilikushinda. Ulijua sana kushindwa: unaweka raketi mapajani, unatazama juu, unawaambia wapagazi, "Jamani, nimepigwa na kamba." Wanapiga makofi. Nilirudi ndani nikiwa na furaha ya kunikosesha usingizi. Leo nikikumbuka yale makofi natamani kumfuata kila aliyepiga nimwulize alikuwa anampigia nani.

Wewe unajua kilichotokea Dar es Salaam, kwenye yale mashindano ya kuchagua timu, lakini hujui nilikiona vipi, kwa hiyo nitakuandikia.

Asubuhi nilipangwa kucheza na mama mmoja kutoka Tanga, mtu mzima, ana wajukuu, kiti chake kimefungwa kwa mpira wa baiskeli upande mmoja. Sikupata hata gemu moja. Kila nilipofika, nikashika gurudumu, nikatuliza kiti, nikapiga, mpira wake uliofuata ulikuwa umeshatua upande mwingine na mimi nimekaa palepale kama sanamu. Kukianzisha kiti kilichosimama kunahitaji mikono yote miwili na nguvu zote. Kufikia seti ya pili mabega yalikuwa yanatetemeka. Akaanza kunipigia kushoto tu, nami nikasukuma milango ya watu mpaka mwisho.

Tulipopeana mikono hakuuachia wangu. Akaniuliza, "Mdogo wangu, nani alikufundisha kusimama?"

"Binamu yangu."

Akasema, "Basi ama hakupendi kabisa, ama anakupenda kupita kiasi. Yote mawili yatakumaliza."

Nilimkasirikia yeye. Nilisema moyoni, huyu bibi hamjui binamu yangu. Nikajisukuma mpaka uwanja wa tatu kukutazama ili nione jinsi kusimama kunavyofanywa na anayekujua.

Hukusimama, binamu. Tangu mpira wa kwanza kiti chako hakikusimama. Ulipiga, na kabla mpira haujavuka wavu ulikuwa umeshampa mpinzani mgongo, unazunguka kwenda nje, unamtazama juu ya bega, umerudi nyuma ya mstari katikati ukiwa bado unaenda. Raketi imebanwa kati ya kiganja na gurudumu, na mkono ule ule unasukuma. Kisha akakupigia kushoto. Ulinyanyua kiwiko juu ya bega, ukakunja kifundo cha mkono, ukaupiga kwa uso ule ule wa raketi unaopigia kulia. Mpira ukapanda, ukajizungusha, ukazama miguuni mwake. Kiti hakikupinduka. Hata hakikutikisika.

Nilikuangalia kama mwanamke aliyealikwa harusini akakuta bwana harusi ni mumewe.

Ulipomaliza ulinijia na soda mbili. "Nasikia umetwangwa kama mpunga wa Mbwera," ukasema. Ulingoja nijibu. Kwa mara ya kwanza tangu ile baraza, sikuwa na jibu. Mtani hujibiwa na aliye sawa naye, na mimi nilikuwa nimetoka kuona kwamba hatukuwa sawa, na kwamba wewe ulilijua hilo kila jioni uliyonichekesha. Jioni ile ukachaguliwa kubaki na timu. Mimi nikapanda basi.

Juzi, palepale ghalani, nilimuuliza mama yako kwa nini ulinifundisha kusimama. Alichezea ncha ya kanga. "Nilimwapisha, mwanangu. Ile siku ya jino. Nilimwambia mtoto wa kaka yangu akianguka tena pale, asiniite mama. Na wale wa ghalani nikawaomba wanyamaze. Tulikuhurumia."

Basi mlikaa, mkapanga, mkaapishana, mkawaita na wapagazi. Jino lilikuwa langu. Damu ilikuwa yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nacheka. Hakuna aliyevuka zile hatua chache za sakafu aniulize kama nataka kuanguka tena. Ningewaambia nataka. Ningeanguka miaka ile, mwili ukiwa mwepesi na wakati ukiwa mwingi.

Najua ulinipenda. Hilo linanikasirisha kuliko yote, maana adui ningemwona anakuja. Mdomo wako haukunihurumia hata siku moja, nikadhani na mkono wako ni hivyo hivyo. Kumbe utani ulikuwa pazia. Nyuma yake ulikuwa unaniita masikini kwa kila mpira, taratibu, urefu wa kifua, kuliani. Wale wa kituo cha magari walau walilisema kwa sauti nikalisikia.

Sasa nikueleze nilivyo leo, usije ukadhani unamwalika yule wa zamani.

Kila jioni nikitoka kwenye mizani nazunguka sakafuni peke yangu. Mwanzo sikujua nianzie wapi, kwa sababu kila nilichoandika kwenye shajara kilikuwa cha kusimama. Kisha nikakumbuka nilikuwa nimeshafundishwa, tena na baba, kabla hata sijakujua. Alikuwa akinipakia mbele ya mtumbwi tukipita kwenye mifereji ya mikoko, ile myembamba ambayo maji yanavuta, na aliniachia kafi. Nilipoogopa kona nikaacha kupiga, alisema, "Usiuache ufe. Mtumbwi uliokufa hausikii kafi." Nilikuwa na umri wa kuanza madrasa. Wewe umekulia kando ya lami, hukulijua hilo. Ungeniuliza, ningekufundisha mimi.

Kwa hiyo sasa kiti changu hakifi. Nazungukia nje, natazama juu ya bega. Nimeanguka mara nyingi kuliko ninavyotaka mama yako ajue, na nimejifunza kuanguka pia: shingo ndani, raketi mbali, subiri, cheka, inuka. Kiwiko cha lile pigo la kushoto kimeanza kupanda. Mipira mingi bado inakwenda kwenye paa la ghala.

Kitu kimoja kinanishinda. Mpira ukiwa umefika na mkono wa kulia unapiga, mkono wangu wa kushoto unashika gurudumu wenyewe. Siuamuru. Nauona umeshika, kiti kimekufa, na nimechelewa. Nimeufunga kitambaa, nimeutukana, nimeukalia. Mkono huo bado unakutii wewe. Umenielewa, binamu? Uko Dar es Salaam, unaishi na timu, na hapa Kibiti kila jioni unanishika gurudumu.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Sitacheza upande wako wa wavu. Ukiwa kando yangu utanikinga, najua, utaikimbilia mipira yangu na kuniachia ile yenye adabu, na watu watapiga makofi.

Lakini njoo. Njoo kabla msimu haujafunguliwa na sakafu haijajaa korosho. Kaa upande wa pili, uje na ule mkono niliouona uwanja wa tatu, wote. Nipigie kushoto. Nipigie miguuni. Nikianguka, usimwangalie mama yako. Nimeshamwambia akae ukutani pamoja na wapagazi, na amekubali ingawa amelia kidogo. Ukinipa mpira mmoja wa huruma nitaujua, siku hizi naujua kabla haujatoka kwenye raketi yako, na nitauacha upite, nitafunga vitu vyangu nirudi ndani. Ukinipiga mpaka mwisho bila kunisaza, ndipo tutazungumza habari za kucheza wawili, na habari za neno nililoliacha kule juu.

Jarife la baba nimelishusha. Nimefunga wavu wa macho madogo, ule wa kukamatia kamba. Safari hii, ewe uliyechumwa na nazi, hakuna tundu la kupitia.

Mimi,
mtoto wa mjomba wako