Mbuzi wa Kimani Kwenye Saluni

Jumamosi, 6 Juni 2009
Kikao cha mwezi, ghorofa ya juu ya mkahawa, katikati ya mji. Nilipanga viti kama kawaida. Tulikuja sita, wote watengenezaji wa gemu. Kila mtu alicheza ya mwenzake na kuisifu. Sheria yetu ni moja: mwenye gemu anasimama nyuma ya mchezaji na kufunga mdomo. Leo haikuwa na kazi. Gemu zote tumeshazizoea. Mwenye mkahawa amesema tusirudi. Chai moja moja mchana kutwa. Simlaumu.

Kimani alibaki kunisaidia kurudisha viti. Amechoka. Gemu yake ya kuvusha mbuzi barabarani imemla miaka miwili, na baba yake anamtaka akauze nyama kwenye buchari yao, Dagoretti. Ameniambia wazi: mtu wa nje asipoimaliza kabla mwezi huu haujaisha, anaacha. Kompyuta yake ndiyo tunayotumia wote. Akienda, vikao vimekwisha. Niliumia. Sikumwonyesha.

Jumatano, 10 Juni
Natafuta mahali pa kikao kingine kabla mwezi haujaisha. Ukumbi wa kanisa, Muthangari: kuna harusi. Basi.

Nilichukua ruhusa ya nusu siku, nikaenda kusukwa kwenye saluni ya binamu yangu Adhiambo, Kenyatta Market. Mchana mzima kitini. Wasusi watatu kichwani, mbele yangu ukuta mtupu. Mikono imekaa bure mapajani. Niliitazama muda mrefu. Kisha nikamwomba Adhiambo tuje na gemu zetu Jumamosi, wateja wacheze wakisukwa.

"Leteni hizo vitu zenu," akasema. "Lakini mkizuia mlango nawafukuza."

Jumamosi, 13 Juni
Tulikuja watatu. Wengine wanasema saluni si mahali pa kikao. Wajinga.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Shiro, anayeuza viatu humo humo sokoni. Tulimwekea kompyuta mapajani. Mbuzi wote waligongwa mara moja. Akarudia. Wakagongwa.

"Hii game iko na roho mbaya," akasema, na hakuiacha. Kila wasusi walipomwinamisha kichwa mbuzi waligongwa, na lawama ikawaangukia wasusi. Mmoja akaanza kumwelekeza. Mwingine akambishia. Sijawahi kuona kikao chetu kina kelele hivyo.

Kimani alistahimili mpaka alasiri. Kisha akapitisha mkono juu ya bega la Mama Shiro, akabonyeza kitufe mwenyewe.

"Wewe kijana, nani amekuita? Toa mkono!" Akamchapa kofi vidoleni.

Nilimtoa nje. Nilikasirika na nilimwambia. Tuliporudi, nywele zilikuwa zimekwisha kusukwa na mbuzi hawajavuka. Mama Shiro akaenda kufunga kibanda chake. Kimani alikunja waya.

Jumatatu, 15 Juni
Kimani hakungoja mwezi uishe. Ameanza kazi kwa baba yake leo. Nimefanya kazi za ofisi, nimekula, sasa nalala. Najiona mpumbavu.

Jumamosi, 20 Juni
Adhiambo alinipigia asubuhi. Mama Shiro yuko saluni, nywele hazina kasoro yoyote, amekalia kiti cha wateja na hatoki. Anataka mbuzi.

Nilimpigia Kimani mpaka akashika simu. Alifika na kompyuta, bado amevaa gwanda la buchari. Mama Shiro hakumsalimia. Alinyoosha mikono tu. Kimani akasimama nyuma yake, mikono mfukoni, kimya.

Mbuzi wa mwisho alivuka karibu na wakati wa chakula. Saluni nzima ilipiga vigelegele. Hata mimi.

"Na level ya pili iko wapi?" Mama Shiro akauliza.

Hakuna. Sisi tukimaliza ya kwanza tunampigia Kimani makofi na kuagiza chai. Miaka miwili, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Mimi pia.

Kimani alitazama sakafu. Niliogopa atamwambia ameshaacha.

"Mama, hizo nywele utafumua lini?"

"Mwisho wa mwezi ujao."

"Utaipata siku hiyo."

Aliondoka kurudi Dagoretti, kompyuta kwapani. Nilibaki kidogo, nikamsaidia Adhiambo kuchambua nywele za bandia za mteja aliyefuata.