Mama Halima, Majibu ya Kilungu Hayakufutwa

Mama Halima,

Nilifika Mwingi ukiwa umeshazikwa. Sisi wa kanisani tumezoea kukaa na marehemu wiki nzima, tuchange, tuimbe, tubishane nani atahutubu, basi nilipopigiwa simu asubuhi nikaanza kupiga nguo pasi nikidhani nina muda. Nilisahau kwamba nyinyi Waislamu hamngoji, mnazika siku hiyo hiyo. Nilikuta wanao wamesharudi kutoka makaburini. Wakanipa chai, nikainywa huku nalia, na maneno niliyotaka kukuaga nayo nikarudi nayo Sultan Hamud. Leo nimeona niyaandike, kwa sababu nina habari pia ya kukupa.

Kazi yangu bado ni ile uliyonifunza, kuuliza watu maswali, ila siku hizi hatutembei. Tunatuma linki kwenye simu, mtu anajibu akiwa shambani au sokoni, kisha tunamtumia kredo kidogo ya simu kwa usumbufu. Ungecheka. Wewe ulikuwa unasalimia mpaka mwenye nyumba anasahau kwamba una maswali. Linki haijui kusalimia. Kwa hiyo wengine wanabonyeza tu, ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka mwisho, wapate kredo yao waendelee na maisha. Ndiyo maana katikati tunaficha swali la mtego linalosema: hapa chagua "sijui". Asiyesoma ananaswa.

Mtego wako wewe ulikuwa mtamu zaidi. Unamkumbuka yule mama wa Kibwezi aliyekuwa akituitikia "ee, ndiyo" huku macho yake yakiwa jikoni? Ulimwuliza, uso mkavu kabisa, ng'ombe wake wako darasa la ngapi. Akasema ndiyo. Niliuma mdomo nisicheke. Hukumkemea wala hukuandika jibu lake. Ulikunja karatasi zako ukasema, "Twende tupike kwanza, maswali hayataungua." Tukasonga ugali, tukala, ndipo ukaanza upya kutoka swali la kwanza, na mama yule akatujibu hadi mambo ambayo hatukumwuliza. Njiani ukaniambia, "Mutheu, jibu baya si mtu mbaya. Muulize tena."

Sasa sikiliza. Juzi juzi tulikuwa tunauliza watu kuhusu zahanati zao, ili kaunti ijue zipi zifunguliwe usiku. Majibu ya kijiji kimoja cha Kilungu yakatokea mekundu kwenye kompyuta, alama ya majibu ya kutiliwa shaka. Wanawake wote walikuwa wamejibu sawasawa, swali baada ya swali, karibu wakati mmoja. Wote waliruka mtego, wakachagua "sijui" palepale. Wote walisema zahanati yao haina shida yoyote. Kioko, mkubwa wangu wa kazi, akasema huyo ni mjanja mmoja mwenye laini nyingi za simu, tufute. Sikumlaumu, wajanja hao tunao. Lakini majibu yale yakifutwa, kijiji kizima kingetoka kwenye utafiti, na hakuna mtu angerudi kukiuliza kinavyopitisha usiku wake. Nikamwomba aniache nipige simu kwanza.

Wa kwanza kushika alikuwa mwenyekiti wa kikundi chao. "Si mlisema tujibu? Sisi tuko na mwethya yetu ya kulimiana kwa zamu, siku hiyo tulikuwa tunachimba matuta kwa mwenzetu. Tukapumzika, kila mtu akatoa simu, tukasomeana swali, tukakubaliana jibu. Kwani mlitaka kila mtu ajibu kivyake kama watu wamekosana?"

Mama, nilicheka mpaka Kioko akaja kuona kuna nini. Walikuwa wamejibu maswali yetu vile wanavyolima, leo kwako, kesho kwangu, wote pamoja. Sijawahi kupata watu waliosoma maswali yetu kwa makini kama wale.

Ningeweza kuishia hapo. Kioko mwenyewe alikuwa tayari kuyaacha majibu yaingie. Lakini nilikusikia ukisema, "Muulize tena," maana jibu lililokubaliwa na kikundi bado si jibu la mtu. Nikawapigia mmoja mmoja, nikasalimia kwa Kikamba, nikauliza habari za watoto, za mahindi, za mbuzi, kisha nikaanza kutoka swali la kwanza. Kioko alikuwa akitazama saa. Nilimgeuzia mgongo.

Mmoja wao, mama kijana kwa sauti, alinijibu mbiombio mpaka nikafika kwenye swali la usiku. Halafu akasema, "Mimi nilizalia hapo kwa geti ya zahanati. Ilikuwa imefungwa na mvua inaninyeshea. Sasa ningesema hivyo aje, na mamake nesi ameketi na sisi hapo?" Nyuma yake mtoto alikuwa akilia, mtoto mwenye kifua kizima, na nikamshukuru Mungu kwa kelele ile. Wengine nao wakafunguka. Walisema nesi si mbaya, ila yuko peke yake, na binadamu lazima alale.

Tukatuma majibu mapya. Zahanati yao sasa ni kati ya zile zitakazofunguliwa usiku, na nesi ataletewa mwenzake.

Nimekukosa sana, Mama. Siku ile nilitaka kukimbia nikuambie, nikakumbuka hakuna pa kukimbilia. Ulinichukua nikiwa sijui hata kupiga hodi kwa watu, ukanivumilia, hukuniona mzigo hata siku moja. Mungu akulaze mahali pema. Nami nakuahidi, maadamu niko kwenye kazi hii, hakuna jibu nitakalolitupa kabla sijamsikia mwenyewe.

Yule mama wa mtoto, kabla hajakata simu, alisema, "Asante kuniuliza mimi." Asante ile haikuwa yangu. Ni yako. Ipokee.

Mimi wako,
Mutheu