Jina la Mama Mkwe Darasani

Mjukuu wangu Nafula,

Mulembe. Tuko salama, ila usingizi ni haba. Huyu mdogo anaota meno. Cheka tu nikikuita mjukuu na tunalingana umri, lakini baba yako ni mtoto wa dada yangu, kwa hivyo mimi ni kukhu wako, nyanya kamili.

Unauliza siku ya wazazi wapya shuleni kwa masista inakuwaje. Mimi nilichanganyikiwa. Sista aliita watoto wa nasari wasimame mmoja mmoja. "Veronika!" Wangu alinitazama tu. Tangu azaliwe namwita Mama, maana Veronika ni jina la kukhu wake, mama mkwe wangu, nami mkaza mwana silitamki.

"Asiyejua jina lake atangoja mwaka ujao," Sista akasema. "Mwite wewe, mama."

Nikalitaja polepole.

"Lakini Kukhu tumemwacha nyumbani!" mtoto akajibu.

Wazazi wakaangua kicheko, Sista naye, akampokea. Mpaka leo sijui kama nilivunja heshima, na mama mkwe sijamwambia. Shuleni anaitikia Veronika. Nyumbani bado ni Mama.

Wako mwambie jina lake mapema, akiwa mapajani pako. Asilisikie kwanza kwa mgeni.

Kukhu wako asiye na mvi,
Nasimiyu